Bawabu Tu

Naomba ruhusa ya kukuchukueni kwa muda wa mazungumzo haya hadi Singida, mji ulio katikati ya nchi yetu, ambako upepo haujui kupiga hodi. Huvuka maziwa mawili ya mji ule, Singidani na Kindai, hupenya baina ya majabali yaliyosimama kama wazee wanaoshauriana, kisha huingia mitaani ukitafuta dirisha lisilofungwa na mlango usiokuwa na mwenyewe. Jumapili moja niliingia kanisani huko nikiwa nimechelewa, nikaketi benchi la nyuma kabisa kama impasavyo mwenye kuchelewa, na kwa sababu hiyo mahubiri ya siku ile yalinifikia vipande vipande. Lakini mzee mmoja wa kanisa aliyesimama mlangoni nilimwona kwa ukamilifu.

Kwa mkono wa kushoto aliushika ubao wa mlango ili upepo usiubamize watu wakiwa katika sala, na kwa mkono wa kuume alifanya mambo mengine yote: alimpokea bibi mwenye fimbo akampeleka penye nafasi, alimzuia mtoto aliyetaka kutoka kwa mara ya nne, alimfukuza kwa ishara ya kidole mbuzi aliyekuja kuchungulia ibada, na ilipofika saa ya matoleo akapokea jogoo aliyefungwa miguu, akamlaza kando ya kizingiti, akamtupia jicho mara mbili tatu kama mtu ajuaye vitimbi vya majogoo. Baada ya ibada nilimwendea nikamsifu kwa kazi yake. Akacheka, akanijibu, "Mimi ni bawabu tu, mwalimu."

Neno lile la mwisho, "tu", ndilo lililonifuata njia nzima, na ndilo ninalotaka kulijadili nanyi. Bawabu twamjua. Neno lake limetoka katika Kiarabu, ambako mlango huitwa babu, na aushikaye mlango huitwa kwa jina lililotokana na mlango wenyewe. Na jamaa yake wa karibu katika lugha yetu ni bawaba, kile chuma kinachoushika mlango kwenye mwimo ili uweze kuzunguka ukafunguka na kufungika. Fundi seremala atakuambieni kwamba mlango usio na bawaba si mlango bali ni ubao ulioegemezwa ukutani. Walipokaa wafasiri kuunganisha maandiko yaliyokuwa yakisomwa kwa Kiswahili cha Mvita na yale ya Unguja, wakatoa ile Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, hawakuliacha neno hili la pwani. Wakaliandika kwa wingi wake, mabawabu, na kwa njia hiyo likapanda bara likafika Iramba na Unyaturu huko Singida, ambako Walutheri wa Leipzig walikuwa wamekwisha kutangulia kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na wenzao wa Augustana kutoka Marekani wakaja kushika kazi ile katika miaka ya 1920. Mzee wangu wa mlangoni, basi, alilipata jina lake katika kitabu. Lakini ile "tu" hakuipata mle.

Nadhani aliipata katika mahubiri. Iko Zaburi ya 84, ambayo mwimbaji wake anapambanua baina ya kusimama penye kizingiti cha nyumba ya Mungu na kukaa katika mahema ya waovu, akachagua kizingiti. Nasi tumezoea kufasiriwa ya kuwa mtu huyu amechagua daraja ya chini kabisa, cheo cha mtumwa, ili aonyeshe unyenyekevu wake. Fasiri hiyo ni tamu, tena ina manufaa yake. Ila mwenye kuifuata husahau kuyasoma maneno machache yaliyo juu ya zaburi ile, yanayosema kwamba ni ya wana wa Kora. Na wana wa Kora, kwa ushahidi wa kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, walikuwa mabawabu kwa nasaba na kwa kazi. Mwimbaji yule hakuwa akijidhili. Alikuwa akiitaja kazi ya nyumba yao, kama mvuvi wa Kilwa anavyoitaja ngalawa, na akisema kwamba hataibadili.

Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, ambaye alipenda orodha kama wengine wapendavyo mashairi, ametuachia habari nyingi. Anasema kwamba Daudi alipokuwa mzee aliwahesabu Walawi wa miaka 30 na zaidi, wakatimia 38,000, akawagawa: 24,000 kuisimamia kazi ya nyumba ya Mungu, 6,000 kuwa maakida na makadhi, 4,000 waimbaji, na 4,000 mabawabu. Msikilizaji mwenye shaka ataona hesabu hizi ni za mviringo mno, na mimi sitagombana naye; lakini atazame uwiano wake. Watu wa mlango walilingana kwa idadi na watu wa nyimbo na vinanda, mia kwa mia, elfu kwa elfu. Katika makanisa yetu kwaya ni tatu au nne na kila moja ina sare yake, ilhali mlangoni yuko mzee mmoja na upepo.

Kisha, katika mlango wa 26, mwandishi huyo anashuka kutoka kwenye maelfu hadi kwenye majina. Wako Meshelemia na wanawe, watu 18. Yuko Obed-edomu na wana wake na wajukuu, watu 62. Yuko Hosa na jamaa zake 13. Wote wakapigiwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, ili ijulikane ni nani atakayeshika lango gani. Lango la mashariki, lile lielekealo macheo, likamwangukia baba, Meshelemia, ambaye pale jina lake limefupishwa. Na la kaskazini likamwangukia mwanawe Zekaria, anayetajwa kuwa mshauri mwenye busara. Upande wa kusini ukawa wa Obed-edomu, na nyumba ya akiba ikawa ya wanawe. Upande wa magharibi wakaupata Shupimu na Hosa, penye lango la Shalekethi, kwenye njia ipandayo kilima. Wakawekwa kila siku Walawi sita mashariki, wanne kaskazini, wanne kusini, wawili wawili penye akiba, na magharibi wanne njiani na wawili mahali palipoitwa Parbari. Jumlisheni mtapata 24.

Hapa lugha yetu inanisaidia zaidi kuliko nilivyotaraji. Watu wa pwani, wanapotaka kutaja tawi la ukoo, wale waliotoka kwa babu mmoja, husema "mlango": fulani ni wa mlango wa fulani. Basi kura ile ya Yerusalemu yaweza kusemwa kwa Kiswahili kwa maneno machache kuliko kwa lugha nyingine yoyote niijuayo: kila mlango ulipewa mlango wake. Na si hilo peke yake. Mwandishi alipotaka kusema kwamba mabawabu walisimama pande zote nne, aliandika kwa Kiebrania chake kwamba walisimama penye pepo nne, kwa kuwa neno lao la upepo ndilo pia la upande wa dunia. Sisi nasi tumefanya hayo hayo bila ya kushauriana nao, kwani kaskazini ni kunakotoka kaskazi na kusini ni kunakotoka kusi. Yule mzee wa Singida aliyeushika mlango kwa mkono wa kushoto alikuwa akifanya kazi ile kwa maana yake iliyo wazi kabisa, na upepo wa upande wake aliujua.

Tena mabawabu hawa wengi wao hawakuwa watu wa mjini. Mlango wa 9 wa kitabu kile unasema kwamba waliochaguliwa kulinda vizingiti walikuwa 212, nao waliandikwa katika vijiji vyao. Wakuu wanne tu ndio waliodumu mahali pale daima, na ndugu zao wakawa wanakuja kutoka vijijini kila baada ya siku saba kushika zamu pamoja nao. Sihitaji kuwaeleza watu wa Ilongero, au wa Mtinko, au wa Ndago na Shelui, maana ya mtu kutoka kijijini kwake kwa zamu ya ibada: mfuko wa unga begani, shamba limeachiwa mke na watoto, ndege wanashambulia uwele, na moyo wa mtu umegawanyika, nusu yake ukiwa katika sala na nusu yake juu ya kichuguu ukifukuza ndege. Naamini ya kuwa Mlawi wa kijijini naye alihesabu siku zake saba kwa vidole.

Wale wakuu wanne walikabidhiwa nini? Mwandishi anatumia neno la amana. Walikabidhiwa vyumba na hazina za nyumba ya Mungu. Wakalala kuizunguka, kwa sababu ulinzi ulikuwa juu yao, na kuifungua kila asubuhi kulikuwa kazi yao. Miongoni mwao wengine waliangalia vyombo vya ibada, navyo viliingizwa kwa hesabu na kutolewa kwa hesabu. Wengine waliangalia unga safi, divai, mafuta, ubani na manukato. Na Matithia, mzaliwa wa kwanza wa Shalumu, aliyekuwa mkuu wa mabawabu, alikabidhiwa vile vitu vilivyookwa kaangoni. Mtoto wa mkuu wa malango akawa mwoka mikate! Sitaki kulipita jambo hili haraka, kwa maana ndipo ilipo habari yenyewe. Kusimama mlangoni kulikuwa kipande kimoja tu cha kazi. Kipande cha pili kilikuwa kujua kilichoingia na kilichotoka.

Mtu wa Uiramba au Unyaturu hahitaji mwalimu katika somo hili. Jua likikaribia kutua, ng'ombe wakirudi kutoka machungani na vumbi limepanda mpaka juu ya dari za tembe, mwenye mji husimama penye lango la zizi, na magogo ya kukingamisha amekwisha kuyaondoa. Hawahesabu ng'ombe kwa vidole wala kwa midomo. Huwatazama wakipita mmoja mmoja, na yule mweusi mwenye baka jeupe asipopita, hujua kabla ya mchungaji hajafungua kinywa. Kisha magogo hurudishwa mahali pake. Si kazi ya mtoto, ingawa mtoto ana nguvu za kuyainua magogo. Kazi ile yataka mtu anayemjua kila ng'ombe, na mama wa kila ng'ombe, na deni alilokuja nalo.

Vivyo hivyo katika sharika zetu. Mkoa wa Singida ni nchi ya alizeti, ya asali, ya mtama na uwele, na ya kuku ambao sifa yao imefika Dar es Salaam kabla yao wenyewe. Kwa hiyo sadaka ya Jumapili haiji yote kwa noti. Huja debe la alizeti, huja mayai katika kikapu, huja kuku, na baada ya ibada hufanyika mnada nje ya kanisa, watu wakicheka na kushindana kwa bei, yai moja likinunuliwa mara tatu na kutolewa tena kila mara. Aliyepokea vitu hivyo tangu mlangoni hadi kwenye kitabu cha mapato ni nani kama si mzee wa zamu? Katika siku za mfalme Yoashi, kuhani Yehoyada alitwaa sanduku, akalitoboa tundu katika kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu upande wa kuume wa aingiaye. Na fedha yote iliyoletwa ilitiwa humo kwa mikono ya wangoja mlango. Miaka mingi baadaye, Yosia alipotaka kuitengeneza nyumba iliyochakaa, fedha zilipatikana kwa wale wale, wangoja kizingiti, waliokuwa wamezipokea kwa watu. Katika habari zote mbili waliokabidhiwa fedha ya kuwalipa waashi na maseremala hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. Mwandishi amelitaja jambo hilo mara ya kwanza, akalirudia mara ya pili. Nasi tusiwe wepesi kusema kwamba nyakati zile zilikuwa nyepesi.

Sasa niruhusuni nirudi kwa Kora, kwa maana nimewataja wanawe pasipo kumweleza baba. Kora alikuwa Mlawi wa mlango wa Kohathi, binamu wa Musa na Haruni, naye akakasirika kuona ukuhani umekwenda upande mmoja wa ukoo na upande wake umeachiwa kubeba vyombo. Akajikusanyia watu 250 wenye majina, pamoja na Dathani na Abiramu wa kabila la Reubeni, wakaja na vyetezo vyao kudai kuingia mahali wasipoitwa. Mwisho wa Kora unajulikana na kila mtoto aliyepita shule ya Jumapili: nchi ilifunua kinywa chake. Lakini katika hesabu ya watu iliyo mbele zaidi katika kitabu kile kile cha Hesabu, umechomekwa mstari mfupi mno, ambao ni rahisi kuupita bila kuuona, unaosema kwamba wana wa Kora hawakufa. Na hao ndio tunaokutana nao tena penye malango ya Yerusalemu. Mtu aliyeangamia kwa kutaka kuingia kwa nguvu, uzao wake ndio uliopewa kuamua nani aingie. Sijui kama katika serikali yoyote ya duniani mtoto wa mwasi angekabidhiwa funguo za ikulu. Aghalabu hukabidhiwa kijiji cha mbali na mtu wa kumwandama.

Wala Obed-edomu naye si mtu wa kawaida. Huyu ndiye aliyewekewa sanduku la agano nyumbani mwake kwa miezi mitatu, wakati Daudi alipoogopa kulifikisha mjini baada ya Uza kufa kwa kuligusa. Naye anaitwa Mgiti, ambalo wengi wamelifahamu kuwa ni mtu wa Gathi, na Gathi ni mji wa Wafilisti, mji wa Goliathi. Wapo wasomi wanaosema kwamba Obed-edomu wa malangoni ni mwingine aliyechangia jina. Lakini Mambo ya Nyakati, yanapowataja wanawe wanane, yanaongeza kwamba Mungu alimbariki, na maneno hayo yanaturudisha moja kwa moja kwenye ile nyumba iliyobarikiwa kwa ajili ya sanduku. Mimi nasimama na wale wanaosema ni yeye. Alilipokea sanduku mlangoni kwake wakati mfalme mwenyewe alipoliogopa. Ni adili gani nyingine iliyotakiwa kwa bawabu?

Nisije nikaonekana nawapaka mabawabu mafuta, wasikilizaji, lazima niseme na upande wa pili. Mlango hufunguliwa na hufungwa, na wapo waliofungiwa nje. Yehoyada alipoweka mabawabu malangoni, sababu iliyotajwa ilikuwa kwamba asiingie mtu aliye najisi kwa jambo lolote. Katika hekalu la mwisho, lile lililopambwa na Herode, palikuwa na ukuta mfupi ambao mtu wa mataifa hakuruhusiwa kuuvuka, na mawe yaliandikwa kwa Kiyunani kumwonya kwamba atakayekamatwa ndani ataibeba mwenyewe lawama ya kifo chake. Jiwe moja zima katika hayo liligunduliwa na Mfaransa Clermont-Ganneau mwaka 1871, na leo liko Istanbul. Baina ya jiwe lile na Mgiti aliyeshika lango la kusini iko njia ndefu ambayo sitaweza kuimaliza jioni hii.

Jambo linalonifurahisha zaidi limo katika Talmudi, mapokeo ya wanachuoni wa Kiyahudi, na lahusu wivu wa kazi, wivu wa halali. Waimbaji na mabawabu wote walikuwa Walawi, lakini kila mmoja alikuwa na yake. Siku moja mwanachuoni Yoshua mwana wa Hanania, aliyekuwa wa upande wa waimbaji, alikwenda kumsaidia mwenzake Yohana mwana wa Gudgada kufunga milango. Na milango ile haikuwa ya mchezo: Yosefo, mwanahistoria wa Wayahudi, anasema lango la mashariki la ua wa ndani lilikuwa la shaba, zito, likifungwa jioni na watu 20 kwa taabu. Mtu yeyote angedhani msaada ungepokelewa kwa shukrani. Lakini Yohana alimwambia mwenzake arudi nyuma, kwa kuwa yeye ni wa waimbaji na si wa mabawabu. Sikilizeni vizuri hapo. Hakumwambia kwamba kazi ya mlango ni duni kwa mwanachuoni. Alimwambia kwamba si yake. Nami nimefikiri mara nyingi kwamba habari hii ingefaa kusomwa mbele ya wanakwaya wetu, wanaosimama mlangoni kwa makundi wakisubiri zamu ya kuimba na kuziba njia, pasipo kuusaidia mlango hata kidogo.

Usiku nao ulikuwa na kanuni zake. Mishna, iliyo kiini cha Talmudi ile, yasema walinzi waliwekwa mahali 24, makuhani watatu na Walawi 21, na mkubwa wa mlima wa hekalu aliwazungukia na mienge iwakayo mbele yake. Mlinzi asiyesimama na kumtolea salamu alijulikana kuwa amelala. Basi alipigwa fimbo, na mkubwa alikuwa na ruhusa ya kumchomea nguo. Waliosikia kelele uani waliuliza ni nini, wakajibiwa kwamba ni sauti ya Mlawi anayepigwa na nguo zake zinaungua kwa kuwa alilala zamuni. Nawasihi wenye nyumba na maduka wasiipeleke habari hii kwa walinzi wao wa usiku, hasa Singida katika mwezi wa Julai, ambako baridi ya alfajiri ingemfanya mlinzi aone afadhali nguo iungue.

Kazi ya amana, hata hivyo, ina adui asiyeingia kwa mlango. Liwali Nehemia aliporudi Yerusalemu kutoka kwa mfalme wa Uajemi, alikuta chumba kikubwa cha akiba, kile kilichowekewa unga na ubani na zaka za Walawi na waimbaji na mabawabu, kimegeuzwa kuwa makao ya Tobia Mwamoni, hasimu wake. Na aliyempa chumba kile ni kuhani Eliashibu mwenyewe. Bawabu atafanya nini juu ya mgeni aliyeletwa na mkubwa wake? Nehemia akavitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaamuru vyumba vitakaswe. Kisha akagundua jambo la pili, ambalo mimi nalishuku kuwa ndilo la kwanza kwa uzito: sehemu za Walawi hazikuwa zikitolewa, nao wamekwenda zao kila mtu shambani kwake. Malango yalibaki pasipo watu kwa sababu watu walikuwa na njaa. Alipokwisha kuwarudisha mahali pao na kuzirejesha zaka, ndipo akageukia wachuuzi wa Tiro na samaki wao, akaamuru malango ya mji yafungwe kabla ya sabato, hata wakalala nje ya ukuta mara moja na mara mbili, akawatisha, wakaacha kuja.

Nimefanya haraka nikapita maafa, na sina budi kurudi. Mji ulipoanguka mbele ya Wababeli, Nebuzaradani, mkuu wa askari walinzi, aliwachagua watu wa kupelekwa kwa mfalme wake huko Ribla, miongoni mwao kuhani mkuu Seraya, kuhani wa pili Sefania, na wangoja mlango watatu. Ribla hawakutoka. Yaani mshindi, alipotaka kuikata nyumba ile kwenye kiungo chake, alikata ukuhani mkuu, kisha akakata bawaba. Lakini watu waliporudi kutoka uhamishoni, orodha ya Ezra inataja uzao wa Shalumu, na wa Ateri, na wa Talmoni, na wa Akubu, na wa Hatita, na wa Shobai, milango sita ya mabawabu, wote pamoja watu 139. Walawi wengine waliorudi, mbali na waimbaji, walikuwa 74 tu. Nehemia ameinakili orodha ile ile, naye anasema mabawabu walikuwa 138. Mtu mmoja amepotea baina ya vitabu viwili. Na ninapofika hapo hucheka peke yangu, kwa kuwa hesabu ya wenye kuhesabu ndiyo iliyokosa.

Jumapili ile, baada ya mnada kwisha na jogoo kuondoka na mnunuzi wake, nilirudi mlangoni nikamkuta mzee yule yu peke yake, daftari mkononi, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye jalada. Viti vya usharika vilikuwa vimeazimwa msibani tangu siku ya Alhamisi, na vijana walikuwa wakivirudisha kwa mkokoteni. Alivitazama vikipita kimoja kimoja, wala hakuhesabu kwa kidole. Mkokoteni wa mwisho ulipokwisha kupakuliwa, aliandika kitu, akafunga daftari, akawaambia vijana kwamba viti vitatu bado, na kwamba kimoja katika hivyo kina mguu uliotiwa waya. Kisha akauvuta mlango dhidi ya upepo, akatia kufuli, akautikisa mara moja kuhakikisha, na akaanza kutembea kuelekea nyumba yenye msiba.